Kazi ya umeneja wa jimu Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kazi hii nikikunja taulo kwenye jimu moja ya Ngong Road. Baadaye nikawa kocha wa ukumbini, nikahamishiwa mapokezi, nikapewa mauzo, na siku moja mwenye jimu akanikabidhi funguo pamoja na kitabu cha madeni. Tangu hapo vijana huniuliza maswali yaleyale, wengine kwa WhatsApp saa tano usiku. Nimeyakusanya hapa ili nami nipate kulala.

Meneja wa jimu anafanya nini siku nzima?

Kwanza, hafanyi mazoezi. Jimu nyingi za Nairobi hufungua milango saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mteja wa Thika Road au Mombasa Road anataka kuutangulia msongamano wa magari, afanye mazoezi, aoge, kisha aingie ofisini akiwa msafi. Kwa hiyo siku yako inaanza kwa kuuliza kama tangi lina maji na kama mtu wa zamu ya kwanza amepata matatu. Kuanzia saa mbili hadi saa kumi ukumbi hupwaya: utawaona wazee waliostaafu, kina mama waliokwisha kupeleka watoto shule, na mwanafunzi mmoja wa chuo anayekaa juu ya benchi akitazama simu. Hapo ndipo unapopanga zamu, kulipa wauzaji, kukagua mashine na kuwapigia wanachama waliopotea. Saa kumi na moja jioni wimbi la pili linaingia, unarudi ukumbini kusalimia watu kwa majina yao.

Kusalimia watu kwa majina ni kazi, tena kubwa. Nitalirudia hili.

Lazima niwe na mwili wa kujengeka?

Hapana. Itoshe uwe unajua kutumia kila kifaa ulichonacho, na usionekane kama unaihubiri dawa usiyoinywa.

Nisome nini, na wapi?

Kuna njia mbili na ukweli ni kwamba unazihitaji zote. Ya kwanza ni elimu ya mwili: misuli, moyo, majeraha, namna ya kumpangia mtu programu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, kina masomo ya sayansi ya mazoezi na michezo. Asiye na nafasi ya kukaa chuoni miaka minne anaweza kutafuta cheti cha ukocha kinachotambulika kimataifa. Taasisi za ACE, NASM na ACSM zinazovitoa ni za Marekani na waajiri wengi wa hapa wanazijua. Kabla ya kulipia cheti chochote, waulize mameneja watatu wa jimu tofauti kama wangekiheshimu. Vipo vyeti vya wikendi moja ambavyo kazi yake kubwa ni kupamba ukuta.

Njia ya pili ndiyo wengi huikwepa: uhasibu wa msingi, mauzo, usimamizi wa wafanyakazi, sheria za kazi. Diploma ya biashara ya chuo cha ufundi cha mtaani kwenu itakufaa kuliko cheti cha tatu cha ukocha. Nimewahi kuwasaili vijana waliojua jina la Kilatini la kila msuli wa bega, lakini nikawauliza tofauti ya mauzo na faida wakaangaliana.

Sina uzoefu wowote. Nianzie wapi?

Mapokezi. Najua jibu hili halipendwi, kila mtu anataka kuanzia ukumbini akiwa na filimbi shingoni. Lakini mapokezi ndipo pesa inapoingia, malalamiko yanapofikia, na mteja anapoamua kimoyomoyo kama atarudi. Kaa pale mwaka mmoja na utajua mambo ambayo kocha wa miaka mitano hayajui: nani analipa mwisho wa mwezi, nani anasubiri mshahara wa tarehe tano, nani anakuja kwa sababu daktari amemtisha, na nani anakuja kwa sababu ya mtu fulani wa darasa la Zumba.

Nafasi si za jimu za majumba ya biashara tu. Hoteli kubwa zina jimu. Vilabu vya wanachama vya zamani vina idara za michezo. Majengo mapya ya makazi ya Kilimani na Kileleshwa yanajengwa yakiwa na chumba cha mazoezi ambacho mara nyingi hakina msimamizi wa maana. Ukimwendea mwenyekiti wa wakazi na mpango ulioandikwa kurasa mbili, unaweza kujitengenezea kazi ambayo haijatangazwa. Na usidharau jimu za mtaani za Kayole au Mathare, zile za vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye madebe. Anayeweza kuwafanya watu walipe shilingi chache kila siku bila mkataba wala kadi anajua jambo kuhusu uaminifu wa wateja.

Kuna hesabu gani za kujua?

Hebu tuifanye moja pamoja. Tuseme kodi ya nyumba ni shilingi 250,000 kwa mwezi, mishahara na makato yake 280,000, umeme na maji 60,000, na mengineyo kama usafi, ulinzi, intaneti na matengenezo 90,000. Jumla ni 680,000. Ada ya mwezi ni 4,000. Meneja mgeni hugawanya hapohapo, anapata wanachama 170, na akimwandikisha wa 171 anaagiza soda.

Lakini biashara ambayo mauzo yake yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka inatakiwa kujisajili kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na hawa 170 peke yao wanaleta zaidi ya milioni 8. Ikiwa ile 4,000 ndiyo bei ya mwisho iliyobandikwa ukutani, ukitoa VAT ya asilimia 16 unabaki na takriban 3,448. Gawanya tena: sasa unahitaji wanachama 198. Utarudishiwa kiasi kwa kudai VAT uliyolipa kwenye kodi na vifaa, mradi una risiti halali za eTIMS, mfumo wa mamlaka ya mapato (KRA), hivyo namba itashuka kidogo. Hata hivyo, nimeshuhudia jimu ikifungwa huku mwenyewe akiapa kwamba ilikuwa inapata faida. Ilikuwa inapata faida ya KRA.

Kuhusu malipo ya M-Pesa: tumia namba ya Paybill badala ya Till. Till hupokea pesa tu, ilhali Paybill humtaka mteja aandike namba ya akaunti, na hapo unampa namba yake ya uanachama. Mwisho wa siku unajua nani amelipa bila kukisia majina. Tena itakuepusha na ugonjwa wa mapokezi ambao kila meneja wa Nairobi amekutana nao: "Samahani dada, mtandao uko chini leo, tuma tu kwa namba yangu, nitakuwekea."

Kwa nini wanachama huacha, na nitawazuiaje?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuandikisha watu ni rahisi. Bango, punguzo na kijana mchangamfu wa mauzo wanatosha. Kuwafanya warudi ndiko kunakomtenganisha meneja na mshika funguo.

Chukulia kwamba watu 100 wamejiunga Januari. Ukipoteza asilimia 5 ya waliobaki kila mwezi, namba inayosikika ndogo, baada ya miezi kumi na miwili utabaki na kama 54. Ukiishusha hadi asilimia 3, utabaki na 69. Hao 15 wa tofauti hawakugharimu bango wala punguzo. Ndiyo maana nikiajiri meneja msaidizi simwulizi ameandikisha wangapi, namwuliza wangapi wamebaki.

Watu hawaachi jimu siku ile wanapokataa kulipa. Waliiacha zamani, wiki ile walipokosa mara ya kwanza na hakuna aliyegundua. Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari: mwili unauma, mashine zinatisha, mtu anahisi anatazamwa. Mfumo wangu ni wa kizamani. Kila asubuhi natoa orodha ya waliokosa siku kumi mfululizo, nagawa majina kwa wafanyakazi, kila mmoja anapiga simu tano. Simu, si ujumbe wa mkupuo. Wala haianzi na malipo. "Habari za siku, Mama Njeri? Goti linaendeleaje?" Ukijua kwamba goti lilikuwa linamsumbua, umeshinda nusu ya kazi. Ukiwa hujui, rudi mapokezi ukajifunze.

Mara nyingine utagundua sababu ambayo hakuna programu ya kompyuta ingekuambia. Mwaka mmoja wanawake watano wa darasa la saa kumi na mbili jioni waliacha mwezi mmoja. Tulilaumu mwalimu, tukalaumu bei. Ilikuwa taa ya barabarani, ile ya kati ya mlango wetu na stendi ya matatu, iliyokuwa imekufa. Tulifunga taa yetu na mlinzi akawa anawasindikiza. Watatu walirudi.

Januari si ndio msimu wa kuvuna?

Nusu nusu. Hapa tunauita Njaanuari, na si kwa mzaha. Watu wana hamu ya kupunguza walichokula ushago Desemba, lakini pesa imekwenda kwenye karo. Ukiwashurutisha walipe mwaka mzima watakukimbia. Uza kadi ya wiki mbili, kisha uwabebe hadi Februari. Kadi za mwaka uza Novemba, kabla ya pesa kupata wenyewe.

Msimu mwingine wa kuangalia ni wa mvua ndefu, Machi hadi Mei. Alfajiri ikinyesha, ukumbi unabaki wewe na walewale sita ambao wangekuja hata kama paa halipo. Panga likizo za wafanyakazi kipindi hicho.

Makocha wakiondoka huondoka na wateja. Nifanyeje?

Nitakusimulia. Kuna mahali nilifanya kazi ambapo mishahara ilichelewa miezi miwili. Jumamosi moja mwalimu wa dansi hakutokea, na wanafunzi wake karibu thelathini hawakutokea pia. Saa nne mlinzi akatuambia amesikia muziki kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa pili. Walikuwa huko wote, wakiruka.

Mwenye jimu alitaka kwenda kwa wakili. Nilimwuliza wakili atamsomea nini, mkataba upi? Hatukuwa na mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, nasi tulikuwa tunaendesha mambo kwa kupeana mikono.

Tangu hapo nina kanuni tatu. Tarehe ya malipo haisogei, hata kama mimi mwenyewe nitachelewa kulipwa. Kila mteja wa mafunzo ya binafsi anajuana na makocha wawili, na yule wa pili humfundisha angalau mara moja kwa mwezi. Na mgao wa pesa za mafunzo ya binafsi unaandikwa: kocha anapata kiasi gani, jimu kiasi gani, nani anapokea malipo. Mgao ukiwa wa kinyonyaji, kocha atawafundisha wateja wako Karura au Arboretum saa kumi na mbili asubuhi, na utajua tu ukiona picha zao.

Leseni na sheria zipi zinanihusu?

Zaidi ya unavyodhani. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Jiji la Nairobi kiwe ukutani na kiwe cha mwaka huu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, pia ya 2007, inakutaka uwe na bima ya wafanyakazi. Kwenye mishahara kuna PAYE (kodi ya mapato ya mfanyakazi), NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba ambayo mwajiri naye huongeza asilimia 1.5 yake. Wafanyakazi wana haki ya siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Muziki unaopigwa ukumbini pia una leseni. Uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni vyama vipi vina idhini ya kukusanya mwaka huo kabla ya kumlipa mtu aliyekuja mlangoni na kitabu cha risiti.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 isome kabla ya kuandika mkataba wa uanachama. Huduma za afya na mazoezi zimo humo, na mteja ana muda wa kughairi bila kutoa sababu. Maandishi ya "pesa hazirudishwi" unayoyaona kwenye kuta nyingi hayana nguvu wanayodhani wenye jimu.

Naweza kuweka picha za wateja waliopungua uzito mtandaoni?

Kwa ridhaa yao iliyoandikwa tu, tena wanaweza kuiondoa. Fomu zako zina uzito wa mtu, maradhi yake, pengine hata ujauzito: hizo ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha burudani hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Na yule alikuwa amevaa nguo zake za kutokea.

Mtu akizimia ukumbini?

Hili lisikukute hujajiandaa. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Hakikisha kila zamu ina angalau watu wawili waliofunzwa, akiwamo wa mapokezi. Moyo ukisimama, mmoja anapiga simu, mwingine anakandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kusimama kusimama. Mashine ya kuushtua moyo ni ghali, lakini kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na wewe unajua ambulansi inavyosogea Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni.

Kinga inaanzia kwenye fomu ya maswali ya afya siku ya kujiunga. Isomwe, isiwekwe tu kwenye faili. Mgeni aliyetoka Mombasa jana naye mpunguzie kasi kwa siku chache. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na atahema kabla hajajua kwa nini.

Nifanyeje kuhusu mashine, stima na maji?

Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Nimeona tredimili iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa kutoka Marekani, ya volti 120, ikichomekwa moja kwa moja ukutani. Ilikimbia mara moja tu. Weka daftari la kila mashine: tarehe ya kupakwa mafuta mkanda, tarehe ya kubadilishwa kebo, jina la fundi. Kifaa kilichoharibika kiondolewe ukumbini. Karatasi ya "haifanyi kazi" ikikaa wiki tatu wateja huisoma kama "hatujali".

Maji ni shida zaidi ya stima. Stima ikipotea watu hubeba vyuma gizani wakicheka. Mabafu yakikauka saa moja asubuhi, mtu mwenye mkutano saa mbili hakusamehi. Kuwa na tangi la siku mbili na namba ya lori la maji unaloliamini.

Kocha wangu anauza poda na sindano za misuli. Nimwache aendelee?

Poda zinazouzwa waziwazi zikiwa na lebo zote, zungumza naye kuhusu nani anabeba lawama. Sindano, mtoe siku hiyohiyo. Dawa si biashara ya jimu. Zaidi ya hapo, Kenya ina Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya 2016 na shirika la ADAK la kuisimamia, na huwezi kujua ni mwanariadha gani wa mashindano anayefanya mazoezi kwenye ukumbi wako.

Mimi ni mwanamke. Nitaheshimiwa?

Utajaribiwa, sitakudanganya. Kuna mteja atakayekuita "mrembo" mbele ya wafanyakazi na kuna fundi atakayeuliza "bosi yuko wapi?" wakati unamtazama. Lakini nafasi ni nyingi. Mitaa kama Eastleigh na South C ina wanawake wengi wanaotaka saa zao peke yao, kocha mwanamke, na pazia dirishani, nao hulipa kwa uaminifu wakipata mahali wanapopaamini. Na ukiwa meneja, wa kike au wa kiume, andika kanuni ya unyanyasaji na uitumie mara ya kwanza inapohitajika, hata kama mkosaji ndiye anayelipa ada kubwa kuliko wote.

Mshahara ukoje?

Hutofautiana mno kati ya hoteli ya Westlands na jimu ya Roysambu, hivyo sitakupa namba ya kukuvunja moyo au kukudanganya. Uliza kamisheni inahesabiwaje. Ikilipwa kwa wanaojiunga tu, mwajiri anakulipa ujaze ndoo iliyotoboka. Omba sehemu yake ihesabiwe kwa wanaolipa tena.

Nikae nimeajiriwa au nifungue yangu?

Endesha ya mtu kwanza, angalau misimu miwili ya Desemba. Ukifika wakati wa kukodi nafasi, utaona mwenye nyumba akileta mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 haikuwekwa kwa bahati mbaya: mkataba wa maandishi unaozidi miaka mitano kwa kawaida hauingii kwenye ulinzi ambao sheria ya wapangaji wa maduka huwapa wa muda mfupi. Mpe wakili ausome, hasa kifungu cha kuvunja mapema.

Halafu panda juu ukaisikilize sakafu, na ushuke chini umjue jirani. Mimi sikushuka. Tulifungua ghorofa ya kwanza, zulia jipya la mpira, vioo vinang'aa, na siku ya tatu mwanamume mmoja wa kilo mia akadondosha chuma cha kilo mia na hamsini. Dakika mbili baadaye mlangoni alisimama daktari mwenye barakoa kidevuni na kifaa cha kuchimba jino mkononi. Chini yetu palikuwa na kliniki ya meno. Tulikubaliana kwamba vyuma vizito vianze saa kumi na moja jioni, akishafunga, hadi tulipopata nafasi ghorofa ya chini miezi minne baadaye.